Wamangit wa Bukhara na kiti ambacho damu haikuwapa

Shangazi alikuwa ameniletea chai, akasimama nyuma ya kiti changu akitazama kompyuta. Nilikuwa nimefungua picha ya rangi iliyopigwa mwaka 1911: mwanamume mnene mwenye ndevu nyeusi, joho la hariri la buluu lililojaa maua, mkanda mpana kiunoni, mkono juu ya upanga.

"Sultani wa wapi huyu, mwanangu?"

"Wa Bukhara, shangazi, huko Uzbekistan ya leo. Alim Khan. Ndiye amiri wa mwisho wa ukoo wa Wamangit."

"Bukhara hii ya Imamu Bukhari?"

"Hiyohiyo."

"Basi Mwarabu."

"Hapana. Asili ya kabila lake ni Wamongolia."

Akanyamaza kidogo. "Wamongolia si ndio walioichoma Bukhara? Sasa imekuwaje mtoto wao akawa amiri wa Waislamu palepale?"

Akaweka kikombe, akaenda zake jikoni. Swali lake limenikaa kichwani kwa wiki nyingi.

Wamongolia, lakini si wa damu ile

Jibu la haraka ni kwamba walisilimu, wakachanganyika, wakawa Waturuki, na mambo yakaisha. Ni kweli, lakini halitoshi. Wengi walisilimu na hawakupata kiti.

Wamangit walikuwa miongoni mwa makabila ya nyikani wakati Genghis Khan anainuka. Baadhi yao walipigana upande wake, wengine upande wa mahasimu wake. Baada ya ushindi, sehemu yao ilikwenda magharibi na majeshi, ikaishi na Waturuki wa Kipchak, na vizazi vichache baadaye lugha ya Kimongolia ilikuwa imekufa midomoni mwao. Walibaki na jina, farasi na sifa ya vita.

Kitu kimoja hawakuwa nacho. Hawakuwa uzao wa Genghis mwenyewe.

Na sheria ya nyika ilikuwa ngumu kuliko jiwe: khan lazima atoke kwenye mgongo wa Genghis Khan, baba kwa mwana. Uwe na jeshi, uwe na mali, uwe umeshinda vita kumi, bila nasaba hiyo hutaitwa khan. Edigu, Mmangit maarufu kuliko wote wa zamani, aliweka makhan na kuwaondoa mwanzoni mwa karne ya 15, na yeye mwenyewe hakupata kuwa khan. Hata Timur, aliyetikisa dunia kutoka Delhi hadi Ankara, alitosheka na jina la amir, akaoa binti wa ukoo wa Genghis ili aitwe mkwe, akaweka khan wa jina tu pembeni yake.

Wamangit waliingia nchi ya kati ya mito Amu na Syr pamoja na Wauzbeki wa Muhammad Shaybani, takriban mwaka 1500. Wakashika malisho ya upande wa Qarshi. Kwa karne mbili na nusu wakawa watu wa karibu na kiti: wanakilinda, wanakula nacho, hawakikalii.

Nadhani ukikaa muda mrefu hivyo mlangoni mwa kitu, unakijua kuliko mwenyewe.

Mwaka 1747

Aliyeivunja kufuli hakuwa Mmangit. Alikuwa Nadir Shah wa Uajemi.

Mwaka 1740 Nadir alifika Bukhara na mizinga yake, na Abu al-Fayz Khan, mtawala wa uzao wa Genghis, akasalimu amri. Vijana wa Kiuzbeki waliingizwa katika jeshi la Nadir, na miongoni mwa waliopanda vyeo humo alikuwa Muhammad Rahim wa Wamangit. Baba yake alikuwa atalik, cheo cha mlezi wa wana wa wafalme kilichokuwa kimegeuka kuwa uwaziri mkuu wenye nguvu zote. Muhammad Rahim akarudi nyumbani akiwa ameona jeshi linavyoendeshwa, na akiwa na mtu mwenye nguvu nyuma yake.

Mwaka 1747 Nadir aliuawa na maofisa wake mwenyewe. Mwaka huohuo Abu al-Fayz naye akauawa, na aliyefaidika alikuwa Muhammad Rahim.

Hapa nilisimama kusoma, kwa sababu jina la Nadir Shah linatuhusu sisi wa pwani pia. Miaka ileile majeshi yake yalikuwa Oman, na aliyewazuia pale Sohar na hatimaye kuwatoa Waajemi alikuwa Ahmad bin Said Al Busaidi. Kwa ushindi huo akapewa uimamu, na wajukuu zake ndio waliokuja kutawala Unguja. Mmoja alipanda kwa kumtumikia Nadir, mwingine kwa kumpinga, na wote wawili walianzisha koo za watawala zilizofika karne ya 20. Sijawahi kuona mtu akizitaja koo hizi mbili pamoja, nami naona zinastahili kutajwa pamoja.

Muhammad Rahim hakukimbilia kiti. Aliweka watoto wa ukoo wa zamani kama makhan wa jina, akamwoa binti wa khan aliyeuawa, na mwaka 1756 tu ndipo akathubutu. Akakalishwa juu ya zulia jeupe la manyoya ya kondoo, wakuu wakalishika pembe zake na kumwinua juu, kama walivyoinuliwa makhan tangu enzi za Genghis. Akaitwa khan.

Miaka miwili baadaye akafa. Ami yake Danyal aliyemrithi akarudi nyuma mara moja: akajiita atalik, akaweka tena khan wa jina. Hilo linaniambia mengi. Zulia lilikuwa limemwinua Muhammad Rahim, lakini mioyo ya watu ilikuwa imebaki chini.

Mwana wa mfalme aliyebeba mizigo

Sasa nafika kwa mtu aliyenisumbua kuliko wote.

Shah Murad, mwana wa Danyal, alikua akiona mji ukioza. Madrasa zilikuwa zimegeuzwa maghala, mali za wakfu zimeliwa, kodi zisizo na msingi katika sheria zimerundikwa juu ya watu. Akajitenga na anasa za nyumba ya baba yake, akaingia tarika ya Naqshbandi. Husimuliwa kwamba shekhe wake alimwamuru kwanza avunje kiburi, na mwana wa mtawala akaonekana sokoni Bukhara akibeba mizigo mgongoni kama hamali.

Danyal alipokufa mwaka 1785, Shah Murad akamwondoa khan wa jina na hakuweka mwingine. Wala hakujiita khan. Alichukua jina la amir, na mamlaka yake akayaegemeza kwenye dini badala ya ukoo wa Genghis. Watu wakamwita Amir-i Ma'sum, amiri asiye na doa.

Hilo ndilo jibu la swali la shangazi, kwa kadiri ninavyoweza kulitoa. Wamangit walipata kiti pale walipoacha kubishana na sheria ya damu na kusimama juu ya sheria nyingine kabisa. Aliyeongoza Waislamu kwa haki hakuhitaji kuwa mjukuu wa mtu yeyote.

Na hakuwa mtu wa maneno. Alirudisha wakfu, akafuta kodi alizoziona haramu, akatengeneza sarafu ya fedha ambayo wafanyabiashara waliiamini, akarudisha ofisi ya rais, msimamizi wa dini aliyepita mitaani akikagua mizani za wauzaji na kuwauliza watu nguzo za imani. Yeye mwenyewe aliishi kwa chakula cha kawaida na nguo za kawaida.

Kwa muda nilitaka kuamini kwamba ni hila ya kisiasa. Ingekuwa rahisi. Mtu anakosa nasaba, anavaa kanzu iliyochakaa, mambo yanamnyookea. Lakini kila nilivyozidi kusoma, nilishindwa kumwona mnafiki. Naamini alimaanisha.

Ndiyo maana Merv inaniuma zaidi.

Merv

Merv, ambayo leo iko Turkmenistan, ilikuwa mji wa Mashia katika mkono wa Uajemi, na uhai wake wote ulitegemea bwawa kwenye mto Murghab. Shah Murad aliushambulia mwaka uleule aliochukua madaraka. Mtawala wake, Bayram Ali Khan, akauawa vitani. Mji haukuanguka upesi, na majeshi ya Bukhara yakaligeukia bwawa.

Wakalibomoa.

Fikiria mji wa jangwani uliolishwa na mifereji kwa karne nyingi. Maji hayafiki tena kwenye mashamba, kisha hayafiki kwenye bustani, mwishowe hayafiki kwenye visima. Mji ukasalimu amri, na maelfu ya watu wake wakahamishwa kwa nguvu kwenda Bukhara na miji mingine ya Shah Murad.

Kwa amiri huyu, hiyo ilikuwa jihadi. Kulikuwa na fatwa, za zamani kuliko yeye, zilizosema Shia si Mwislamu kamili na kwamba anaweza kutekwa na kuuzwa. Waturkmeni walivizia misafara na vijiji vya Uajemi, wakaleta mateka sokoni Bukhara na Khiva, na wanunuzi walikuwa na karatasi ya mwanachuoni ya kuwatuliza nafsi.

Nimejiuliza sana kama khan wa zamani, asiye na cha kuthibitisha, angeihitaji vita hiyo kwa namna ileile. Makhan nao waliteka na kuua, sitaki kuwasafisha. Lakini mtawala ambaye haki yake yote ni kuwa mlinzi wa Sunna analazimika kuonekana akiilinda, na kuonekana huko kunahitaji adui. Watu wa Merv walikuwa karibu.

Majina ya wafu kwenye dhahabu

Mwana wa Shah Murad, Haydar, alitawala kuanzia 1800 hadi 1826. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Genghis, naye akajiita Sayyid pia. Akawa na nasaba zote mbili, ya khan na ya Mtume, zote kupitia kwa wanawake. Sheria ya nyika isingemkubali, lakini wakati huo nani angemwambia?

Kuna sarafu ambazo nimezitazama sana kwenye picha za makumbusho. Tila za dhahabu zilizopigwa Bukhara miongo mingi baada ya Haydar kufariki bado zina jina la Haydar, likiwa na neno marhumu. Mwanawe Nasrullah alitawala miaka thelathini na zaidi, mjukuu wake Muzaffar miaka ishirini na mitano, na dhahabu iliendelea kumtaja marehemu. Naona hapo ukoo uliokuwa bado unajitafutia uthibitisho, ukisimama nyuma ya babu anayeheshimika kuliko wao.

Nasrullah hakuwa na utakatifu wa babu yake. Aliingia madarakani mwaka 1827 kwa kuua ndugu zake. Aliunda jeshi la kudumu la askari wa mshahara ili asiwategemee tena wakuu wa makabila, Wamangit wenzake wakiwemo. Aliwafunga Waingereza wawili, Charles Stoddart na Arthur Conolly, na mwaka 1842 akawakata vichwa mbele ya ngome yake, Ark. Vitabu vya Kiingereza vinawalilia hao wawili. Mwaka huohuo aliingia Kokand, dola jirani upande wa mashariki, akamuua khan wake pamoja na mama yake, Nodira, mshairi aliyeandika kwa Kituruki na Kiajemi. Mimi namlilia Nodira.

Wanafunzi wa madrasa na amiri wao

Kama nikiulizwa saa ambayo ukoo huu ulikwisha, sitataja 1920. Nitataja 1868.

Warusi walikuwa wamechukua Tashkent mwaka 1865. Amiri Muzaffar alishindwa nao Irjar mwaka uliofuata, na alijua vizuri kwamba bunduki zake haziwezi kushindana na zao. Alitaka suluhu. Lakini maulamaa na wanafunzi wa madrasa za Bukhara na Samarkand walitaka vita. Walimkabili na hoja ambayo hangeweza kuijibu: wewe ni amiri wa waumini, kafiri yuko mlangoni, na unazungumza suluhu?

Khan angeweza kukataa. Angesema babu yangu ni Genghis, kiti ni changu, nitapigana siku nitakayoona inafaa. Muzaffar hakuwa na pa kurudi. Waliompa haki ya kutawala ndio waliokuwa uani wakimdai.

Akatangaza vita. Mwezi Mei Samarkand ikaanguka, na mwezi Juni jeshi lake likavunjwa Zerabulak. Ndani ya ngome ya Samarkand lilikuwamo jiwe la kijivu, Kok Tash, kiti cha enzi kilichohusishwa na Timur ambapo watawala wa Bukhara walikuwa wakikalishwa. Likabaki mikononi mwa Warusi. Lililokuwa zito zaidi ni mto. Zarafshan hupita Samarkand kwanza ndipo ufike Bukhara, na aliyeshika Samarkand alishika maji ya kunywa ya amiri. Kitukuu wa Shah Murad, yule aliyekata maji ya Merv, sasa alikunywa kwa ruhusa.

Kisha likaja jambo lililonifanya nifunge kitabu kwa jioni nzima. Baada ya Muzaffar kukubali masharti ya amani, mwanawe mkubwa, Abd al-Malik, aliasi kwa baraka za maulamaa, kwa hoja ileile kwamba baba ameisaliti dini. Aliyemwokoa baba ni jeshi la Urusi. Askari wa mfalme Mkristo walimrudisha kitini amiri wa waumini, wakimpiga mwanawe mwenyewe.

Kuanzia hapo kiti kilikuwa na mwenyewe mwingine.

1873, huko na huku

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Leo pale Mkunazini kuna kanisa kuu la Kianglikana. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Muzaffar alitia saini mkataba na Warusi uliopiga marufuku biashara ya watumwa Bukhara.

Watawala wawili wa Kiislamu, madola mawili ya Kikristo, mwaka mmoja. Kote kuwili utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Unguja sheria iliufuta mwaka 1897, na Bukhara watu waliendelea kuuzwa kwa siri.

Huwa tunabishana hapa kwetu kama Waingereza walifanya kwa huruma au kwa faida. Kinachonisumbua mimi ni kingine. Mwanachuoni gani wa Bukhara, kabla ya Warusi kufika, alisimama na kusema Mwislamu hauzwi, awe Sunni awe Shia? Nimetafuta. Ahmad Donish, msomi aliyefika St Petersburg mara tatu na ujumbe wa amiri, aliwaandika Wamangit kwa maneno makali, akieleza ulafi wao na ujinga wa maofisa wao. Kwake yeye ukoo ulikuwa umekwisha kimaadili kabla Warusi hawajapiga risasi. Lakini sauti kama yake zilikuwa chache, na hazikuwa na jeshi.

Deni la Merv

Abdul Ahad, aliyetawala 1885 hadi 1910, aliuza ngozi za kondoo wa karakul kwa wingi, akajenga kasri Yalta, akachangia msikiti mkubwa wa St Petersburg. Miaka yake ya mwisho aliishi Karmana, mbali na maulamaa wa mji wake mkuu.

Januari 1910 Bukhara ililipuka. Mashia walikuwa wameadhimisha Ashura hadharani, kejeli zikageuka ugomvi, na ugomvi ukageuka mauaji ya siku kadhaa kati ya Sunni na Shia. Askari wa Urusi ndio waliotuliza. Mashia hao, wanaoitwa Waironi, wengi walikuwa wajukuu wa watumwa wa Kiajemi na wa wale watu wa Merv waliohamishwa baada ya bwawa kubomolewa. Walikuwa wameishi mjini humo zaidi ya miaka mia moja, wakisuka hariri, wakitumika jeshini, hata waziri mkuu wa wakati huo akiwa wa asili yao.

Miaka mia na zaidi, na bado walihesabiwa wageni.

Alim Khan, yule wa kwenye picha, alirithi hayo yote mwaka huohuo. Aprili 1917, tsar wa Urusi akiwa ameanguka, alitangaza mageuzi mbele ya maulamaa na wageni. Vijana wapenda mageuzi wakaandamana kushukuru. Siku hizohizo upande wa wahafidhina ukamgeuka, naye akageuka pamoja nao. Mwandishi Sadriddin Ayni alikamatwa, akapigwa viboko 75 katika ngome ya Ark, na mwaka uliofuata ndugu yake akauawa.

Alim Khan alikuwa na nafasi, nami nimejaribu kumwelewa. Alisoma St Petersburg na aliijua dunia nje ya kuta zake. Lakini aliposhinikizwa alifanya kama babu yake Muzaffar alivyofanya, kwa sababu msingi wa kiti ulikuwa uleule. Aliyekataa vijana hakubaki na marafiki wengi: mwisho wa Agosti 1920 jeshi la Wabolsheviki chini ya Frunze lilishambulia kwa mizinga na ndege, Ark ikaungua, mnara wa Kalyan uliojengwa mwaka 1127 na kuachwa mzima na Genghis Khan mwaka 1220 ukapigwa na makombora. Amiri alitoroka kuelekea mashariki, mwaka 1921 akavuka kwenda Afghanistan, na alifariki Kabul mwaka 1944.

Vijana waliomshinda nao hawakusalimika. Fayzulla Khodzhaev, aliyeongoza jamhuri iliyochukua nafasi ya amiri, na Abdurauf Fitrat, msomi wao mkubwa, wote wawili waliuawa na dola ya Stalin mwaka 1938.

Uzbekistan ya leo imemchagua Timur. Sanamu yake imesimama katikati ya Tashkent juu ya farasi. Wamangit wamebaki kama watawala waliouza nchi, na kwa Muzaffar na Alim Khan siwezi kubisha sana. Lakini kuwatupa wote katika shimo moja kunamwacha nje Shah Murad, ambaye hakuuza chochote, aliyeamini kila alichokifanya, na ambaye mkono wake uliorudisha wakfu ndio uliobomoa bwawa. Katika ukoo mzima, huyo ndiye ningependa tumsome kwa makini, na tumsome pamoja na watu wa Merv, tukiwasikiliza kutoka kwa wajukuu zao ambao mpaka leo wapo Bukhara na Samarkand na wanaitwa Waironi.

Shangazi nimemweleza yote haya. Hakuridhika na sehemu ya Shah Murad. Anasema mtu aliyevunjwa kiburi kweli asingemnyima mwenzake maji. Bado tunabishana.